Maswali Yenu ya Kazini: "Wote wameandika uadilifu, sasa nifanyeje?"

Mwezi huu barua nyingi zimetoka upande mmoja, wakufunzi wa umeneja na wanafunzi wao, na karibu zote zinazunguka jambo moja, namna ya kumfundisha mtu ajichunguze mwenyewe kabla hajakabidhiwa watu wa kuwaongoza. Nimechagua chache. Nyingine nimezikata maana zilikuwa ndefu kupita hata majibu yangu, na mnajua majibu yangu yalivyo.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nafundisha kozi ya uongozi mwaka wa mwisho, hawa wakitoka hapa wengi wanaenda kuwa mameneja. Wiki ya kwanza huwa nawaambia kila mtu aandike tunu zake tano. Kila mwaka ni yale yale, uadilifu, uwajibikaji, ushirikiano, heshima, ubunifu, yaani hata mpangilio unafanana, nahisi kuna ukuta wa kampuni fulani wanaunakili. Nikiwauliza wanajieleza vizuri tu ila sioni hata mmoja aliyejiangalia. Nibadilishe nini?
Mkufunzi aliyechoka kusoma "uadilifu"

JIBU: Pole mwalimu. Ila hao wanafunzi wako hawajakudanganya, umewauliza wangependa kuonekana watu wa aina gani nao wamekujibu vizuri kabisa. Ukirudia swali hilo hilo mwakani utapata majibu hayo hayo.

Wasomi wawili wa Marekani, Chris Argyris na Donald Schön, walishalisema hili tangu 1974. Walitenganisha vitu viwili, kuna ile nadharia mtu anayoitaja akiulizwa anaamini nini, halafu kuna ile inayomwendesha kweli, ambayo huwezi kuipata kwa kumuuliza, unaipata kwa kuangalia anachofanya. Na jambo ambalo watu wanaowasoma juu juu hulisahau ni kwamba mwenyewe kwa kawaida hajui kama hizo mbili zimepishana. Huyo sio mnafiki. Mnafiki anajua anachoficha, huyu anakuambia "mimi napenda watu waseme ukweli" kwa moyo mweupe kabisa huku kila aliyewahi kumwambia ukweli ameshajifunza kunyamaza.

Ukitaka kuwaonesha pengo hilo likiwa kubwa linafikia wapi, chukua Enron, ile kampuni kubwa ya nishati ya Marekani. Julai 2000 kampuni ile ilikuwa na kijitabu cha maadili cha kurasa 64, na tunu zake nne zilikuwa heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Tarehe 2 Desemba 2001 ikaomba kufilisika, ikaonekana kwamba vitabu vyake vya hesabu vilikuwa vya udanganyifu. Lakini kisa hicho kipe dakika chache tu tafadhali, maana ukikaa nacho sana wanafunzi watawacheka wale mabosi, wataona ni habari za wezi, watarudi bwenini wakiwa wasafi kuliko walivyokuja. Shida ya visa vya watu wengine ndo hiyo, vinamfundisha mtu kuhukumu.

Kwa hiyo acha orodha ya tunu, chukua zoezi la Argyris la safu mbili. Mwambie kila mwanafunzi atafute mazungumzo yake mwenyewe ya karibuni ambayo hayakwenda vizuri, na yawe madogo, asilete mambo ya kuokoa dunia. Agawe karatasi katikati. Upande wa kulia aandike maneno yaliyosemwa, yeye alisema hivi, mwenzake akajibu hivi. Upande wa kushoto aandike alichokuwa anawaza wakati ule ule na hakukisema. Hapo ndo utashangaa. Nakutungia mfano mmoja uone, kuna kazi ya kundi na mmoja kachelewesha sehemu yake. Kulia imeandikwa: "Usijali, ukipata muda utamalizia." Kushoto: "Huyu mvivu tangu mwaka wa kwanza, nitaiandika mwenyewe usiku halafu jina lake nitaliweka tu yaishe."

Sasa angalia kilichomo mle. Ameamua mwenzake ni mvivu na hajamuuliza hata swali moja, labda yule hakuelewa alichopewa, labda anafanya kazi usiku. Ameamua pia kwamba kumwambia mtu ukweli ni kuharibu urafiki. Ameamua kwamba kazi ya kiongozi wa kundi ni kubeba. Na juu ya yote ameonesha anachokithamini zaidi siku hiyo, ambacho ni kutokugombana, na kutokugombana hakumo kwenye zile tano alizokuandikia wiki ya kwanza! Mpe sasa karatasi yake ya wiki ya kwanza aiweke pembeni ya hii, wewe kaa kimya. Ukianza kueleza umemnyang'anya.

Swali lako la kurudia liwe "ulijuaje?" Alisema huyu mvivu, ulijuaje? Kwa sababu alichelewa. Ulimwona akichelewa mara ngapi? Mbili. Na wengine waliochelewa mara mbili ni nani? Kimya. Unamshusha taratibu kutoka kwenye hukumu mpaka chini kwenye kile alichokiona kwa macho, na njiani anakutana na vitu alivyoviongeza mwenyewe bila kujua. Usimfanyie mtu mmoja mbele ya wote kwa muda mrefu, inageuka mahakama. Waweke wawili wawili, kila mmoja amuulize mwenzake, maana kuna utafiti wa Emily Pronin na wenzake wa 2002 ulioonesha kwamba watu huona upendeleo wa fikra kwa wengine kirahisi kuliko kwao wenyewe. Nyani haoni kundule, ila la jirani yake analiona, basi tumia huyo jirani.

Na hii usiifanye wiki ya kwanza tu halafu uende kwenye "masomo yenyewe". Rudia katikati ya semista na mwisho, kwa mazungumzo mapya. Mtu akiona safu yake ya kushoto mara tatu, na dhana ni ile ile mara tatu kwa watu watatu tofauti, hapo huhitaji kumwambia kitu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa umeneja na naandika kulalamika. Tumelipa ada tufundishwe fedha, mikakati, masoko, sasa kuna mwalimu anatupotezea vipindi eti "tafakari dhana zako". Mtu mzima dhana zake anazijua. Na hata asipozijua, meneja anapimwa kwa matokeo, sio kwa hisia zake. Nambie kama nakosea.
Nataka Namba

JIBU: Unakosea kidogo ndugu yangu, sio yote. Ni kweli kuna vipindi vya kujitafakari vinavyoendeshwa hovyo, watu wanakaa kwenye duara wanaambiwa wafumbe macho, wakitoka hakuna kilichobadilika, na mwanafunzi ana haki ya kuchukia hilo. Lakini hapo kwenye "matokeo" ndo umejifunga mwenyewe, manake dhana za meneja zinaingia kwenye matokeo kabla namba haijaandikwa.

Douglas McGregor, mwalimu wa chuo cha MIT kule Marekani, aliliandika mwaka 1960 na watu wakabaki na zile herufi mbili tu, Nadharia X na Nadharia Y. X inasema binadamu wa kawaida hapendi kazi, lazima asukumwe, abanwe, atishwe. Y inasema mtu akikubaliana na lengo anaweza kujiongoza mwenyewe na hata kutafuta majukumu. Wengi wanadhani McGregor alikuwa anagawa mameneja wabaya na wazuri. Hoja yake ilikuwa kali zaidi, kwamba nyuma ya kila uamuzi wa meneja kuna dhana kuhusu binadamu yupoje, atake asitake, na dhana hiyo inajitengenezea ushahidi. Wewe ukiamini watu ni wavivu utaweka daftari la kusaini kila saa, utawakatalia kuamua hata kitu kidogo, nao wataanza kufanya kile tu kilichoandikwa, wataacha kufikiri, halafu utasema unaona, nilijua tu. Na ripoti yako itakuwa na namba kabisa za kuthibitisha. Ulitaka namba, hizo hapo, ila wewe ndo umezizalisha.

McGregor mwenyewe alikuwa amefundisha na kushauri kuhusu uongozi kwa miaka, kisha akaenda kuwa mkuu wa Chuo cha Antioch kuanzia 1948. Alipokuwa anaondoka 1954 akaandika waziwazi kwamba alikuwa ameamini kiongozi anaweza kuwa kama mshauri tu, akakwepa kuwa bosi, na kwamba kiti kile kilimwonesha haiwezekani. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchunguza dhana za viongozi na bado ya kwake ilimchukua miaka kuiona. Sasa wewe mwenye miaka ishirini na kidogo unasema za kwako unazijua?

Halafu nikupe kisa kingine ambacho kila nikikikumbuka kinanisumbua. Dennis Gioia. Alisomea biashara, na enzi zake za usomi alikuwa mtu wa kukosoa makampuni makubwa, akaingia Ford mwaka 1972 akijiambia mabadiliko yataletwa na watu walio ndani. Muda mfupi baadaye akawa mratibu wa kurudisha magari yenye kasoro kiwandani. Kwenye meza yake zikapita taarifa za gari dogo linaloitwa Pinto, tangi la mafuta lilikaa nyuma, likigongwa kwa nyuma hata kwa mwendo usio mkubwa lilikuwa linaweza kuvuja na kuwaka. Gioia na wenzake wakapiga kura lisirudishwe. Yeye mwenyewe alikuwa na Pinto, baadaye akamuuzia dada yake. Gari lilikuja kurudishwa 1978, yeye akiwa ameshaondoka Ford na kuwa mwalimu wa chuo, na mwaka 1992 akaandika makala ya kujichambua.

Angesema alihongwa tungemwelewa haraka. Hakuhongwa. Alieleza kwamba kila siku alikuwa anapitia mafaili mengi na kichwa chake kilikuwa kimeshajijengea utaratibu, kesi inayostahili kushughulikiwa ina sura hii, ina vifo vingi hivi, ina chanzo kinachoonekana wazi. Pinto haikuwa na sura hiyo. Ikapita. Swali la maadili halikumjia kabisa kichwani, na hilo ndilo lililomtisha alipotazama nyuma. Tunu alikuwa nazo, tena nzuri, ila hazikuitwa kwenye kikao.

Kwa hiyo ukirudi darasani mwambie mwalimu wako asifumbishe watu macho, aweke mafaili mezani. Dhana za kwenye masoko, dhana za kwenye bajeti, kwa nini makadirio yetu yanachukulia kwamba wafanyakazi ni gharama tu. Akifanya hivyo kipindi chake na vile unavyovitaka ni kitu kimoja.

SWALI: Kuna dodoso lolote la kupima tunu za mtu? Tunataka kulitumia kuchuja wanaoomba nafasi za mafunzo ya umeneja.
Ofisa Rasilimali Watu

JIBU: Yapo. Mwanasaikolojia Milton Rokeach mwaka 1973 alitoa lake lenye tunu 36, kumi na nane za malengo ya maisha na kumi na nane za mwenendo, unazipanga kwa ngazi. Shalom Schwartz mwaka 1992 akaja na makundi kumi ya tunu na mpangilio unaoonesha zipi zinapingana, kwa mfano kutafuta mafanikio binafsi na kujali ustawi wa wote huwa zinavutana. Mazuri kwa kuanzisha mazungumzo, na kuzipanga kwa ngazi ni bora kuliko kuorodhesha maana lazima kimoja kikae chini.

Kuchujia watu, hapana. Mtu anayeomba kazi anajua jibu unalolitaka. Utakachopima ni nani anasoma mawazo ya waajiri vizuri.

SWALI: Shikamoo mhariri. Kampuni yetu imenipa kazi ya kuendesha mafunzo kwa wasimamizi wapya kumi na wanne. Nimeandaa kipindi cha kuchunguza misimamo yetu na nikaambiwa mkurugenzi naye atakaa ndani "ajifunze pamoja nao". Kipindi cha majaribio tulichofanya watu walisema mambo mazuri mazuri tu, mmoja alisema udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi. Nifanyeje wafunguke?
Mwezeshaji Mpya

JIBU: Marahaba. Ehe, "napenda kazi kupita kiasi", huyo ameshakuwa meneja tayari.

Mwanangu, usiwalaumu. Kuna mtu chumbani anayepanga nani apande cheo na nani abaki, halafu unawataka waseme kasoro zao mbele yake. Wanachokifanya ni akili. Kwa hiyo una njia mbili, na ya kwanza ndo naipenda zaidi, mkurugenzi asikae. Mwambie kwa heshima kwamba kuwepo kwake kunabadilisha kipindi, na kama anataka kujifunza mwandalie cha kwake na wa ngazi yake.

Akikataa kutoka, basi aanze yeye. Sio kufungua kwa hotuba, aje na safu zake mbili zilizojaa. Aeleze uamuzi mmoja wa kweli, alichokidhania kuhusu wafanyakazi, alijuaje, na kilichotokea. Na uamuzi huo uwe ulimgharimu kitu. Akija na hadithi ambayo mwisho wake yeye ndo shujaa, wote kumi na wanne watajua kipimo cha leo ni kipi na watakupa hadithi kumi na nne za mashujaa. Mketi naye siku moja kabla mpitie anachokwenda kusema. Ukiona ni ushujaa mwambie ukiwa naye peke yenu.

Ila kuna jambo kubwa kuliko "kufunguka" na wawezeshaji wengi wapya hawaliangalii. Kufunguka sio lengo. Miaka ya 1940 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake Marekani walianza vile vikundi vya mafunzo ambamo watu walikaa wakachambua mienendo yao wenyewe papo hapo, na kuanzia 1947 vikafanyika kila mwaka kule Bethel, Maine. Kulikuwa na mengi mazuri, mambo ya mrejesho tunayoyasema leo ofisini yana mizizi pale. Lakini vilipoenea kwenye makampuni lilikuja lalamiko ambalo bado lina maana, watu wanavuliwa hisia zao mbele ya wenzao wa kazini halafu Jumatatu wanarudi kwenye madawati yale yale na waliosikia kila kitu. Mtu hawezi kurudisha alichokisema.

Kwa hiyo waongoze kwenye kazi, usiwaongoze kwenye maisha. Huhitaji kujua alilelewaje. Unahitaji ajue kwa nini kila mara zamu ngumu anampa mtu yule yule. Anza na vitu vinavyohesabika, mwambie kila msimamizi achukue ratiba ya mwezi uliopita aangalie, nani alipewa kazi ya kuonekana na wakubwa, nani alipewa ya kusafisha makosa, ruhusa ya nani ilikubaliwa bila maswali na ya nani iliulizwa barua. Kisha aandike kwa nini alidhani ni sawa. Karatasi hiyo ni yake, haikusanywi. Wakishapata uzoefu wa kuona bila kuaibishwa wataanza kusema wenyewe, na wasiposema pia sawa, wameshaona.

Halafu uwape daftari. Peter Drucker, mwandishi maarufu wa mambo ya umeneja, mwaka 1999 alishauri kitu rahisi mno, kila ukifanya uamuzi mkubwa andika unachotarajia kitokee, kisha baada ya miezi tisa au kumi na miwili ulinganishe. Mimi ningeongeza mstari mmoja tu, andika pia ulichokichukulia kuwa kweli kuhusu watu waliohusika. "Nampa fulani kwa sababu mwingine hataweza." Hiyo sentensi ukiisoma mwaka mmoja baadaye, mwingine akiwa amehamia idara nyingine na anafanya vizuri, inafundisha kuliko semina yangu na yako pamoja, manake binadamu tuna tabia ya kukumbuka tulivyojua tangu mwanzo, na hapo kuna mwandiko wako unakukatalia.

SWALI: Mimi nimeshajichunguza sana, tulifundishwa chuoni na mwalimu mzuri, najua nasimamia nini. Shida ni kwamba nikiwa kwenye kikao na bosi akisema jambo ambalo sio sawa, nanyamaza. Nikitoka najichukia. Sasa kujichunguza kulinisaidia nini? Ina maana tunu zangu ni za uongo?
Nanyamaza

JIBU: Hapana, sio za uongo, ila umefundishwa nusu. Na ni nusu ambayo vyuo vingi huishia hapo kwa sababu ndo rahisi kufundisha.

Kwenye utafiti wa mwaka 1973, wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson waliwachukua wanafunzi 40 wa seminari ya teolojia kule Princeton, Marekani, watu wanaosomea uchungaji kabisa. Kila mmoja aliambiwa aende jengo jingine akatoe mazungumzo mafupi, wengine mada yao ilikuwa Msamaria Mwema wa kwenye Biblia, yule aliyemsaidia majeruhi njiani. Njiani kuna mtu kajikunja mlangoni anakohoa na kugumia. Wale ambao hawakuharakishwa walisaidia 63 kwa mia. Walioharakishwa kiasi, 45. Walioambiwa wamechelewa sana, 10. Na kuwa na mada ya Msamaria Mwema kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Walioharakishwa hawakuwa na imani ndogo kuliko wenzao, tofauti ilikuwa saa tu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza limebaki moja ambalo hukuulizwa chuoni, ni mazingira gani yanakunyamazisha. Ni haraka? Ni kuwa peke yako? Ni kwamba bosi anauliza "kuna mwenye pingamizi" huku anafunga kompyuta? Au ni cheo kinachokubadilisha? Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha anga cha Marekani, Challenger, walikuwa wanapinga chombo hicho kisirushwe asubuhi yake, baridi ilikuwa kali na mipira ya kuziba viungo vya roketi ilikuwa haiaminiki kwenye baridi. Makamu wao wa uhandisi, Bob Lund, alikuwa upande wao. Bosi wake akamwambia avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akavaa. Kampuni ikakubali, kesho yake sekunde 73 tu baada ya kuruka chombo kikasambaratika na watu wote 7 wakafa. Ujuzi wa Lund haukubadilika usiku ule, kilichobadilika ni jibu la swali "mimi hapa ni nani". Kuna dhana mle ndani, kwamba meneja ni mtu anayeangalia ratiba na mteja, usalama ni wa wengine. Wewe ukikaa kwenye kile kikao unajiona nani? Mgeni? Mtoto? Mtu wa kuandika kumbukumbu? Andika jibu, na liwe la kweli.

Baada ya hapo ufanye mazoezi, na namaanisha mazoezi ya mdomo. Mary Gentile, mwalimu wa maadili ya biashara ambaye mbinu yake ilitoka kwenye kitabu mwaka 2010, aligeuza swali la somo la maadili. Badala ya kuwauliza wanafunzi jambo gani ni sahihi, anawaambia tuchukulie umeshajua lililo sahihi na umeamua kulifanya, sasa utasema nini, kwa nani, saa ngapi, na watakupinga kwa maneno gani. Wanaandika maneno yenyewe kisha wanayasema kwa sauti mbele ya wenzao wanaowasaidia kuyaboresha. Utaona visingizio vinajirudia, kila mtu anafanya hivi, sio kazi yangu, hakuna atakayeumia, tutarekebisha robo ijayo. Ukiwa umeshavisikia mara nyingi darasani, siku bosi akivisema havikupigi kwa mshangao.

Kwako naanzia padogo. Usianze na kupinga, anza na swali, "kabla hatujapitisha, tumechukulia nini kuwa kweli hapa?" Bosi wengi hawalioni kama shambulio. Umwambie mwenzako mmoja kabla ya kikao kwamba utaliuliza, ili lisikauke hewani, yeye adakie. Na kama jambo ni zito na kikao ni kibaya, mfuate bosi kabla hajasema hadharani, akishasema mbele ya watu kumi anatetea uso wake, sio hoja yake. Ukinyamaza tena usijichape, andika kilichokunyamazisha safari hii.

SWALI: Swali fupi. Chuo kinanilazimisha nitoe maksi kwenye insha za kujitafakari. Wanafunzi wameshajua wakiandika "nililia, nikabadilika" wanapata A. Nitoeje maksi kwa haki?
Mkufunzi wa Jioni

JIBU: Walijuaje kwamba machozi yana A? Kuna mtu aliwapa, na sijasema ni wewe.

Usitoe maksi kwa mabadiliko, maana huwezi kuyaona, na usitoe kwa tunu zenyewe, mwanafunzi anayesema anathamini faida kuliko watu na akaonesha kwa ukweli alivyofika hapo amefanya kazi kubwa kuliko anayekuimbia utu. Toa maksi kwa ushahidi. Kama ameleta maneno halisi yaliyosemwa au kayapamba. Kama ametofautisha alichokiona na alichokidhania. Kama amekwenda kumuuliza yule mwingine wa kwenye kisa, naye alikionaje, na akaliandika hata kama jibu halikumpendeza, hili mimi nalipa maksi nyingi kuliko yote kwa sababu haliwezi kuandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Safu ya kushoto abaki nayo mwenyewe kama hataki uione, wewe kusanya uchambuzi. Na insha ndefu isipewe zaidi, weka kikomo cha kurasa mbili uwaambie mapema.